Rangi ya Ukuta wa Wavinya

Kama hujawahi kumsikia Masila wa Mitaboni akieleza jinsi jiwe linavyotetemeka, pole, umeishi nusu. Ukikaa naye mbele ya duka la Kaloki, dakika tano hazipiti kabla hajaokota kichangarawe, akakuwekea kiganjani na kukuambia kwamba hicho unachokiona kimetulia hakijatulia hata kidogo. Ndani kinacheza. Kila madini na mdundo wake. Na kuna mwanga fulani, ulio chini ya mwekundu, unaitwa infraredi. Jicho haliuoni, ila shavu huuhisi ukiinamia makaa. Ukiupitisha mwanga huo kwenye jiwe, jiwe humeza ule tu unaolingana na mdundo wake, na mashine huchora bonde mahali palipomezwa. Mabonde hayo, atakwambia Masila huku akikupokonya kichangarawe chake, ndiyo kitambulisho. Mtu anaweza kukudanganya jina lake na kwao. Jiwe haliwezi.

Watu wa soko walimzoea. Wengine walimwita Profesa, naye hakukataa, ingawa darasa la saba alilionea dirishani. Alikuwa na haki ya kutamba. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye maabara moja ya udongo na madini kule Athi River. Aliingia na ufagio. Mwaka wa tatu yule aliyekuwa akisaga sampuli akahama, wakubwa wakatazama huku na huku, wakamwona Masila ameegemea ufagio, wakampa kinu.

Usicheke ukisikia kinu. Hicho si cha kupondea mahindi ya muthokoi. Ni kinu cha jiwe gumu, kidogo kama kikombe cha chai, na mchi wake mfupi kama kidole gumba. Unatia punje moja ya udongo kwa punje mia mbili za chumvi ya maabara iliyokaushwa kwenye tanuri, unasaga taratibu mpaka ule unga uwe laini kuliko poda ya mtoto, kisha unaubana kwenye chuma mpaka utoke kidonge kinachong'aa kama kioo. Mkono mzito unaharibu. Ukipumua juu yake, chumvi inakunywa pumzi yako, na kwenye mchoro panatokea bonde la maji ambayo si ya jiwe, ni ya mdomo wako. Madaktari wa vyuo vikuu walileta udongo kutoka Turkana na Taita, wakasimama nyuma ya Masila wamebana pumzi kama watoto mbele ya chanjo. Kwa hiyo mwache atambe.

Ila kulikuwa na udongo mmoja ambao Masila hakuwahi kuusaga wala kuugusa, na huo ulikuwa ndani ya ua wake mwenyewe.

Mkewe, Wavinya, aliishi Mitaboni miaka hiyo yote, akilima matuta na kufuga mbuzi wake watano. Masila alikuwa akipanga chumba Athi River na kurudi kila mwisho wa mwezi, Jumamosi jioni, na kuondoka Jumapili baada ya kanisa. Mtoto wao mmoja, Ndunda, alipofikisha miaka sita Masila alimchukua wakae pamoja mjini ili asome. Wavinya akabaki na mbuzi. Kila Masila aliporudi, alikaa kwenye nyumba kubwa, kwenye kiti chake chenye mto, na chakula kikamfuata kwenye sinia. Jiko lilikuwa hatua ishirini na mbili kutoka kwenye kiti hicho, kijumba cha udongo chenye paa la mabati, na Masila hakuingia. Baba yake hakuwa akiingia jikoni. Babu yake pia. Mwanamume alipeleka sauti mlangoni, basi, kama ana haja.

Hata alipostaafu, miaka sita iliyopita, akarudi moja kwa moja na godoro lake na kinu chake cha zamani alichopewa siku ya kuagwa, mambo yalibaki vile vile. Miaka mitano walikaa pamoja, yeye kitini, Wavinya jikoni, sinia katikati. Mwaka jana mwezi wa sita, Wavinya akalala na homa ya mapafu na hakuamka tena.

Siku ya tisa baada ya mazishi, wageni wameondoka na Ndunda amerudi kazini kwake Mombasa, Masila alichemsha yai kwenye jiko la gesi alilonunuliwa na mwanawe. Akakosa chumvi. Alitafuta kabatini, chini ya kitanda, hata kwenye begi la kanisani. Mwishowe akavuka zile hatua ishirini na mbili, akainama mlangoni, akaingia jikoni kwa mkewe kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Chumvi aliiona, ilikuwa kwenye kopo juu ya ubao. Lakini hakuichukua haraka. Kuta zote zilikuwa nyeusi kwa masizi, nyeusi ya kung'aa kama mgongo wa mende, isipokuwa mahali pamoja. Nyuma ya mafiga, pale ndimi za moto zilipokuwa zikilamba ukuta na kuyala masizi yenyewe, palikuwa pekundu. Nyekundu safi, upana wa sinia. Mbele yake kilikuwa kigoda cha Wavinya, kimeingia ardhini kidogo kwa kukaliwa. Masila akakikalia. Magoti yalimfika kidevuni. Akakaa hapo mpaka yai likapoa, akiutazama ukuta ambao mkewe aliukandika kwa mikono yake, kwa udongo alioutoa mahali fulani, na yeye Profesa, aliyejua udongo wa nchi nzima, hakujua ni wapi.

Tangu siku hiyo akawa akiingia. Alianza kwa kujifanya anatafuta kitu. Baadaye hakujifanya tena.

Mwezi wa nane mwaka huu akaona ufa. Ulianzia kwenye kona ya mlango ukapanda mpaka kwenye mabati, na kidole kiliingia. Ndunda aliposikia kwa simu alifurahi, maana siku nyingi alitaka kijumba kile kibomolewe. Akasema atamtuma fundi Muthoka na mawe ya kuchongwa, wajenge jiko la kisasa lenye sinki. Masila akamwambia angoje, ataziba mwenyewe. Ndunda akasema sawa, Baba, ziba, lakini mvua ya mwezi wa kumi na moja ikiingia kwenye huo ufa, ukuta utalala chini wenyewe na Muthoka hatakuwa na la kubomoa.

Hilo lilikuwa kweli. Masila alikuwa na miezi mitatu.

Alichukua jembe, akachimba udongo mwekundu pale pale nyuma ya choo, akaukoroga na kinyesi cha ng'ombe, akakandika ufa wote. Akajipongeza. Siku ya tatu alipoingia asubuhi, kazi yake yote ilikuwa sakafuni, imejikunja kama maganda ya muhogo. Ukuta wa Wavinya ulikuwa umeitema.

Wewe ungechukua udongo mwingine wowote ukajaribu tena. Mtu wa kawaida angefanya hivyo. Lakini hapo ndipo ile kazi ya miaka thelathini na mmoja ilipompanda kichwani: udongo haukubaliani na udongo usiojuana nao. Akaapa kwamba ataupata ule ule alioutumia Wavinya, kwenye shimo lile lile, na hatapaka mwingine.

Na kwa kuwa alikuwa mjanja, akaanza kwa kuuliza.

Jirani yake wa karibu alikuwa Nzilani, mjane wa umri wa Wavinya, mama wa Titus yule mwenye bucha, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usio na breki. Yeye na Wavinya walikuwa hawaachani. Masila akamfuata kwenye maharagwe yake, akamuuliza udongo mwekundu wa kukandika jiko Wavinya alikuwa akiuchimba wapi. Nzilani hakuinua hata mgongo. Akasema hawajawahi kuchimba udongo mwekundu. Masila akasisitiza, ule mwekundu wa ukutani. Nzilani akamwambia labda mke wake alikuwa na mwenzake mwingine wa kuchimba naye, kwa sababu yeye mwekundu haujui, na kama hana kazi, maharagwe haya yanahitaji mtu wa kupalilia.

Aliuliza wanawake wengine watatu wa kanisani. Jibu likawa moja. Mwekundu? Hapana. Masila akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ile ni siri ya wanawake, wamekula kiapo, na hawawezi kumwambia mwanamume. Alijisikia mjanja zaidi kwa kuligundua hilo. Alimpigia hata Ndunda, akamuuliza anakumbuka nini kuhusu jiko la mama yake. Ndunda akasema, "Baba, mimi nakumbuka chapati tu."

Basi Masila akaingia vilimani. Septemba nzima alipanda na kushuka, kofia kichwani, kiondo cha marehemu begani. Kila penye kingo nyekundu, alichota. Juu ya Kathiani, kando ya barabara ya kwenda Iveti, mpaka siku moja akafika Masii kwa sababu Wavinya alizaliwa karibu na huko. Kila udongo aliuanika kivulini kama alivyofundishwa, akaufunga kwenye karatasi, akaandika mahali ulipotoka kwa herufi zake kubwa zinazopanda mlima. Vikafika vifurushi kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilikuwa kipande cha ukuta wenyewe. Alikikata kwa kisu nyuma ya mafiga, chini kabisa pale pasipoonekana, kinene kama nusu ya mkate, akakifunga kwa leso ya Wavinya.

Mapema Oktoba akaenda navyo Athi River.

Maabara ilikuwa imepakwa rangi mpya na mlinzi hakumjua. Lakini ndani alikuwamo Linet, binti aliyekuja pale akiwa mwanafunzi wa mafunzo, akavunja vidonge arobaini mikononi mwa Masila kabla hajatoa kimoja kizuri. Sasa ndiye mkubwa wa chumba cha mashine. Alipomwona alimwita Mwalimu mbele ya vijana wake, akauliza kama kiondo kimeleta maembe.

Masila akatandaza vifurushi vyake mezani, akatoa kinu chake, akauliza chumvi iko wapi. Linet akasita. Akamweleza kwa upole kwamba siku hizi hawasagi kidonge. Kuna mashine mpya. Unaweka unga kidogo juu ya kipande cha almasi, unabana kwa juu, nusu dakika mchoro umetoka. Akamwonyesha. Masila alikitazama kile kijialmasi, kidogo kama jicho la kuku, kilichokuwa kimemeza kazi yake yote bila hata kutafuna.

"Na mtu wa kusaga?" akauliza.

"Hakuna mtu wa kusaga, Mwalimu. Lakini chumvi bado iko, na ile mashine ya zamani inafanya kazi. Kaa. Saga yako."

Kwa hiyo akakaa kwenye pembe yake ya zamani, akasaga. Vijana wakaja kutazama. Aliwaambia wasipumue, nao wakabana pumzi, na kwa saa tatu Masila alikuwa mtu mwenye furaha. Vidonge kumi na viwili vikatoka safi, havina ukungu.

Michoro ilipopangwa mezani, Linet aliipitia kwa ncha ya kalamu. Kumi na mmoja ya kwanza ilifanana kama ndugu wa tumbo moja: udongo mfinyanzi, ambao hupiga kelele kwenye kila mchoro, na chini yake hematiti, chuma kikavu chekundu, yale mabonde mapana ya mwishoni. Udongo wa milimani. Wa kumi na mbili, unga alioukwangua Masila kwenye uso mwekundu wa kile kipande, ulikuwa pia na hematiti, lakini mabonde yake yalikuwa yamelegea, kama ya kitu ambacho hakikupata nafasi ya kukomaa. Haukuwa ndugu wa mwingine yeyote.

Masila akavihesabu tena vifurushi vyake. Vilima vyote vile.

"Mwalimu, hii uliikata wapi?" Linet akauliza. Alikuwa amekifungua kile kipande kwenye leso, amekigeuza.

"Nyuma ya mafiga."

"Na upande wa nyuma hukusaga?"

"Nyuma nini? Nyuma ni matope tu."

Linet alikwangua ule upande wa nyuma kwa kisu kidogo, akamsogezea kinu. Sasa, chini ya taa ile kali, Masila akaona kwamba kipande kilikuwa na matabaka mengi membamba, moja juu ya jingine, kama chapati iliyokunjwa kwa mafuta. La juu lilikuwa jekundu. Ya chini yake yote yalififia kuelekea rangi nyingine ambayo yeye, kwa haraka yake, aliidhani uchafu. Akasaga. Akabana. Mashine ya zamani ikanguruma, na mchoro ukaanza kuteremka kwenye kioo.

Mabonde mawili yakazama pale pale alipoyazoea, moja likijibana kando ya kelele za mfinyanzi, karibu na mia tisa kwenye kipimo cha mwanga, jingine karibu na mia nane, membamba na marefu. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameyaona mara elfu.

"Gothaiti," alisema kwa sauti ndogo.

"Gothaiti," Linet akakubali. "Chuma kilichoshika maji ndani yake. Mwalimu, hiyo nyekundu yako si ya kuzaliwa, ni ya jiko. Huu udongo ulikuwa wa manjano. Moto umeutoa maji, hapo juu pengine ulipita nyuzi mia tatu. Mia tano haukufika, kwa sababu mfinyanzi bado uko na maji yake, ona hapa."

Masila alikuwa amelishika lile jedwali la nyuzi moyoni tangu kabla Linet hajazaliwa. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wageni: usikaushe udongo wa manjano motoni, utakugeukia mwekundu na maji yake hayatarudi. Aliwafundisha hivyo miaka thelathini na mmoja, kisha akapanda vilima mwezi mzima akitafuta udongo mwekundu.

"Ni wa muda gani?" akauliza.

"Mashine haijui miaka. Inajua tu kwamba mtu alikuwa anapaka na kupaka, tabaka nyingi sana hizi, zote manjano. Halafu akaacha kupaka, akaendelea kupika."

Linet akamsindikiza mpaka getini. Akamkumbusha, kwa heshima, kile anachokijua: kwamba gothaiti hukaa mahali penye maji yasiyokauka, si juu ya kilima.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Hakubadilisha hata viatu. Aliingia jikoni na kisu, akaenda kwenye ukuta wa mbali na moto, kando ya debe la mahindi, akakwangua masizi. Nyeusi ikaanguka kama majani ya chai. Chini yake pakatokea manjano. Akakwangua upana wa kiganja, kisha upana wa dirisha. Haikuwa manjano ya kupiga kelele. Ilikuwa kama ya ndizi iliyoiva leo asubuhi, na pale mwanga wa mlangoni ulipoigusa, uliruka ukaangaza mikono yake.

Masila akakaa chini, na kisu chake mkononi. Miaka yote ile, akipanda ule mteremko kutoka barabarani jioni ya Jumamosi, alikuwa akiuona mlango wa jiko unawaka kwa mbali, mng'ao wa dhahabu, kabla hajaiona hata nyumba kubwa. Alidhani ni moto tu.

Asubuhi alimkuta Nzilani akikamua mbuzi.

"Mama Titus," alisema, "Wavinya alikuwa akichimba wapi udongo wa manjano?"

"Si pale chini ya matuta ya shamba la Mutunga, kwenye nduma. Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

Nzilani akageuka, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Baba Ndunda, uliniuliza mwekundu. Ukawauliza na wenzangu watatu. Mwekundu, mwekundu. Mimi nikasema huyu mzee anataka kujenga uwanja wa mpira."

Wakashuka pamoja, yeye na jembe, Nzilani na karai. Ulikuwa mwendo wa dakika kumi. Chini ya tuta la mwisho la Mutunga maji yalikuwa yakichuruzika mwaka mzima, nduma zimejaa majani makubwa kama masikio ya tembo, na nyuma ya nduma palikuwa na shimo la kina cha kiuno, kuta zake manjano, zina unyevu. Njia ya kutoka barabarani ilipita juu yake kabisa. Masila aliikanyaga kila mwisho wa mwezi na begi lake.

Akaanza kuchimba. Nzilani akakaa ukingoni, miguu ikining'inia, akamwambia asichimbe kama anaua nyoka. Kisha akaacha utani.

"Tulikuwa tunakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi," alisema. "Mimi nilikuwa nachoka. Namwambia, wewe Wavinya, huo ukuta bado ni mzuri, wiki nne tu, acha tupumzike. Ananiambia, Masila anakuja kesho."

Jembe likasimama. "Mimi sikuwa naingia."

"Alijua hutaingia. Alikuwa anafungua mlango, anawasha moto mkubwa. Alisema ukiwa kule kwa mteremko utaona."

"Niliona," alisema Masila.

"Ulimwambia?"

Masila aliinamia jembe. Alichota udongo akaumwaga kwenye karai, akachota tena. Maji yalikuwa yakiingia kwenye viatu vyake vya ngozi.

"Na aliacha lini?" akauliza mwishowe, bila kuinua uso. "Kuna mahali aliacha. Mashine imeona."

Nzilani akacheka kusikia mashine imechungulia jikoni kwa Wavinya. Kisha akakumbuka vizuri. "Mwaka uliostaafu. Nilimpitia Ijumaa na jembe langu kama kawaida, nikamkuta anasonga ugali. Akaniambia niende peke yangu. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema haumwi. Akasema yeye kungoja amemaliza, mtu wake amefika, sasa anapika tu."

Mbuzi wa mtu alilia kule juu kwenye matuta. Masila aliendelea kuchimba mpaka karai likafurika, na Nzilani alipomwambia limejaa, alichota mara mbili zaidi.

Kazi ya kukandika ilichukua siku tatu na ilimletea aibu nyingi. Siku ya kwanza aliupepeta ule udongo, akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga wa ngano, akaita Nzilani aone. Nzilani akatia mkono, akaucheka mpaka akashika mlango. Ukuta si kidonge, alimwambia. Ukuta unataka mchanga wake, mabua yake, majivu kidogo na kinyesi kibichi, ushikane. Akamfanya arudishe makapi yote aliyoyatupa. Akamwonyesha jinsi ya kupaka kwa kiganja, duara juu ya duara, ukilowesha kwanza ule ukuta wa zamani ili uukubali mpya. Mkono ule uliosifiwa na madaktari wa vyuo vikuu ukafundishwa upya kama wa mtoto.

Ufa ukaziba. Ukakauka, haukutemwa. Siku ya pili walikwangua masizi yote na kupaka kuta tatu. Kukauka kulianzia juu, manjano ikishuka polepole kwenye ukuta uliolowa, na ilipofika chini jiko lote likawa limefunguka kama limeongezwa dirisha. Masila alihamisha kigoda mpaka karibu na mlango, akakaa. Kutoka hapo, na hapo tu katika ua mzima, mteremko wote ulionekana, na njia, na kona ya barabara ambapo mtu hushuka na begi. Alikaa hapo mpaka jua likazama. Jamaa aliyekuwa akipita na baiskeli alimpungia, naye hakuona.

Wingu la kwanza, lililowahi mwaka huu, lilitanda upande wa Mwala siku ya tatu, alasiri, wakati Masila akimalizia ukuta wa nyuma. Nzilani alikuja na kuni kavu chini ya kwapa na mtungi wa maziwa. Akazunguka akikagua kama mkaguzi wa shule, akigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole. Alipofika nyuma ya mafiga akasimama.

Pale palikuwa pekundu kama zamani. Masila alikuwa amepaka kuzunguka, kwa uangalifu wote wa mkono wake, ukingo umenyooka kabisa, na lile eneo la upana wa sinia hakuligusa.

"Baba Ndunda, umesahau hapa."

"Sijasahau. Hapo alikuwa akipika tu."

Nzilani akatazama pale, akamtazama yeye. Aliinama, akapanga kuni kati ya mafiga, akatafuta kiberiti.

"Nipe," alisema Masila. "Nitawasha mimi."

Matone ya kwanza yaligonga mabati, makubwa, yaliyoachana. Masila alipiga magoti na kupuliza. Moshi ulimwingia machoni mpaka yakatoka machozi. Nzilani alisema huo ni ujinga wa kupuliza kutoka upande mbaya, na Masila akasema ndiyo, ni moshi, akaendelea kupuliza. Moto ukashika. Ndimi zikapanda polepole, zikalifikia lile eneo jekundu, naye akaweka sufuria ya chai juu ya mafiga na kurudi nyuma akatazama, mgongo wake ukielekea mlangoni na njia.